Safu ya Saba, Kiti cha Kumi na Nne

Barua imefika, Bwana Ettore.
Imepita Roma, imepita Nairobi, imechoka,
pembe moja imelowa jasho la mtu wa posta.
Niliifungua kwa kisu cha samaki nikakusomea:
msimu mpya, mechi hamsini na mbili,
ishirini na sita nyumbani.
"Nyumbani," ukasema, ukacheka peke yako.
Nje mvinje ulisimama kimya,
na joto la Malindi limekaa kibarazani
kama mgeni asiyejua kuaga.

Kila Agosti unalipia kiti usichokikalia,
safu ya saba, kiti cha kumi na nne,
katika uwanja wa Valscura, ambako maji
hulala chali yakawa sakafu.
Miaka tisa daktari amekukataza ndege.
Mwaka wa kwanza, kabla sijakuzoea, niliuliza:
pesa yote hiyo, ya kukalisha upepo?
Ukanijibu kwa Kiswahili chako cha sokoni,
"Mbeyu, mutu akiondoka, mahali yake haiondoki."
Nikanyamaza. Kwetu Ganda
tumesimamisha vigango kwa neno kama hilo.

Uwanja wetu ni jikoni.
Sinia la barafu mbele ya feni,
skafu ya sufu, nyeusi na njano, shingoni mwako,
mbu dirishani, theluji kwenye kioo cha kompyuta.
Nimejifunza. Kile si mpira, ni kisahani.
Mlinda lango amevaa godoro.
Mkosaji hutiwa kizimbani dakika mbili
kama mwizi wa kuku,
kisha huachiwa akaibe tena.
Namba kumi na saba hana meno ya mbele;
nilimwita Kibogoyo, na sasa
nawe humwiti vingine.
Na stima! Nusu fainali ya mwaka juzi
ilikatika zikibaki dakika nne.
Tulikaa gizani, barafu ikidondoka sinia zima,
hadi alfajiri hatujui
kama tumeshinda au tumepiga kelele bure.

Msimu huu si kama ile.
Tangu mwezi wa sita ukungu umekuingia machoni,
jicho la kushoto kwanza, kisha lenzake.
Jana uliishika ratiba juu chini
ukasema, karatasi nzuri.

Basi nitakuwa macho.
Usiku, ukishalala, nafanya mazoezi:
namwaga maji kwenye vigae,
nachukua kizibo cha soda na mwiko wa ugali,
Haluwa analinda lango
kati ya mitungi miwili ya gesi.
Natangaza kwa sauti ya chini:
Kibogoyo anacho, anacho, amemkwepa mmoja,
anateleza, Haluwa usiinue mguu, anapiga…
Mtoto anasimama. "Mama, mwalimu alisema
kuteleza si kuanguka."
Namwambia, huko mwanangu
kuteleza ndiko kutembea.

Mechi ya kwanza ni Ijumaa, saa tatu na nusu usiku.
Oktoba ikiisha itakuwa saa nne na nusu,
maana wao hurudisha saa zao nyuma,
za kwetu hazijui kurudi.
Tokeni za stima nimenunua, na mishumaa,
ingawa mshumaa hauonyeshi mechi.
Skafu nimeifua, imekauka kabla sijamaliza kuianika.

Na kwenye fomu, walipouliza idadi ya viti,
niliandika ulivyoniagiza: kimoja.
Kisha, unisamehe kalamu,
nikakifuta.
Cha kumi na tano pale ubavuni kilikuwa wazi.
Bei yake nikate kwenye mshahara,
kidogo kidogo, hadi Machi.
Nacho kikae bure.
Upepo wako upate wa kuulizana naye
nani kafunga.